Usiku wa Idi Katika Dadaab

Msomaji, vitabu vingi vya historia huanza kwa vita na hukoma kwa mapatano. Humo husomwa habari za watawala walioteka nchi na majemadari waliozipoteza, na mwishoni mwa sura mwanafunzi huulizwa miaka. Siwalaumu waandishi wa vitabu hivyo. Vita huacha makaburi, mapatano huacha karatasi, na mwenye kuandika historia hushika kile kinachoshikika. Lakini furaha nayo ni shahidi. Sahani ya haluwa na wimbo wa kina mama, vikiulizwa kwa adabu, vitasema vilikotoka, nani alivibeba, na vilipitia taabu gani njiani.

Kwa hiyo leo nakuomba ufuatane nami katika usiku wa sikukuu. Sitakupeleka Mombasa, ambako watoto hukusanyika uwanjani Makadara, wala Unguja, ambako huenda Mnazi Mmoja na fedha zao za mkono wa Idi. Nitakupeleka Dadaab, katika Kaunti ya Garissa, mahali ambapo wengi wetu hupasikia katika habari za njaa na hatari tu. Tukifika huko tutauliza swali moja: watu waliokimbia wakiacha nyumba, mashamba na mifugo, wamepata wapi sikukuu?

Dadaab ni mji mdogo katika nchi kavu ya kaskazini-mashariki ya Kenya, kiasi cha kilomita 100 kutoka Garissa, mji ulio kando ya Mto Tana. Kabla ya 1991 ulikuwa kituo cha wafugaji waliokuja kunywesha ngamia na ng'ombe wao. Mwezi wa Januari mwaka huo serikali ya Mohamed Siad Barre iliangushwa Mogadishu, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaenea Somalia. Watu walikimbia kwa miguu, kwa malori na kwa mashua. Wa mashua walishukia Mombasa na pwani ya kaskazini. Wa nchi kavu walivuka mpaka kupitia Liboi. Kambi ya Ifo ilifunguliwa 1991, na Dagahaley na Hagadera mwaka uliofuata. Kambi hizo tatu zilipangwa kwa watu 90,000 kwa jumla. Miaka ishirini baadaye, katika ukame wa 2011, hesabu ya watu ilikaribia nusu milioni. Kambi, kwa maana yake ya asili, ni mahali pa kulala kwa muda na kuondoka. Kambi hizi zimekwisha kupita miaka thelathini.

Basi na tuingie Ifo siku ya mwisho ya Ramadhani. Barabara ni za mchanga. Kila kundi la nyumba limezungushiwa ua wa miiba, na mikokoteni ya punda inarudi na maji na kuni. Jua likizama, watu wote hugeuza nyuso magharibi kuutafuta mwezi, na wengine hutega masikio kwenye redio kungoja tangazo la Kadhi. Mwezi ukionekana, watoto hupiga kelele, na kelele hiyo huruka kutoka ua hata ua mpaka kambi nzima imepata habari. Usiku huo wanawake hawalali mapema. Wasichana hupakana hina; chetezo hufukizwa ubani; na jikoni moto hauzimwi, kwa kuwa vitamu vya kesho hupikwa leo.

Asubuhi ni ya sala katika uwanja wa wazi. Mchana ni wa kutembeleana. Lakini mimi nakutaka uione jioni, joto linapopungua na watoto wenye nguo mpya wanapotoka kutumia senti zao. Sokoni taa zinawaka, nyingine kwa mitambo ya wachuuzi, nyingine kwa nguvu ya jua. Vijana wamefungulia vipaza sauti. Wasichana wadogo wanapita na sahani zilizofunikwa kitambaa, wakipeleka kwa jirani na kurudi na sahani nyingine iliyojaa, kwani si adabu kurudisha chombo kitupu. Nyuma ya ua mmoja kina mama wamefanya duara: mmoja anatoa ubeti, ngoma inamjibu, wengine wanapiga makofi, na mmoja anaingia katikati kucheza. Hiyo ndiyo buraanbur, ushairi wa wanawake wa Kisomali. Mahali pengine vijana wamejipanga safu mbili wakicheza dhaanto, ngoma ambayo hatua zake hufuata mwendo wa ngamia, shingo mbele na mguu polepole.

Usidhani kwamba wote waliopo wanakubaliana juu ya muziki huo. Wako wazee na masheikh wanaoona kwamba kasida na dufu zatosha, na kwamba vipaza sauti vya vijana vimevuka mpaka. Wako vijana wanaojibu kwamba babu zao walicheza dhaanto kabla ya wao kuzaliwa. Ubishi huu ni wa zamani katika miji ya Waislamu, na pwani yetu imeujua vilevile. Ukumbuke, kwa kuwa tutaurudia.

Sasa na tufunue sahani. Ndani yake mna haluwa. Hupikwa kwa sukari, maji, wanga wa mahindi na samli, ikatiwa iliki na kungumanga, na pengine karanga. Kazi yake ni kukoroga. Mkono ukipumzika, haluwa hushika chini ya sufuria na kuungua. Kwa hiyo wapishi hupokezana mwiko hata mchanganyiko uwe mzito, ung'ae, na kuanza kujitenga na samli. Neno lenyewe ni la Kiarabu na maana yake ni utamu. Waomani walikuwa na haluwa yao, wakaja nayo Unguja na Mombasa. Na bandari za Somalia zilikuwa katika biashara hiyohiyo ya majahazi yaliyosukumwa na pepo za kaskazi na kusi. Wasomali huiandika xalwo. Usishangae: maandishi rasmi ya Kisomali kwa herufi za Kilatini yalianzishwa 1972, na ndani yake herufi x imepewa sauti ya h nzito ya Kiarabu. Ukiitamka vema, utakuta ni haluwa ileile.

Jirani zake katika sahani nao wana ushahidi wao. Sisi husema sambusa, Wasomali husema sambuus. Sisi husema kashata, wao husema kashaato. Mkate wa mofa wa pwani ni muufo kwao. Maneno ya namna hii hayavuki bahari yenyewe. Huvuka pamoja na wapishi, mabaharia, wake na wakwe. Tena katika mji wa Barawa, kusini mwa Mogadishu, wako watu ambao lugha yao, Chimwini, ni tawi la Kiswahili. Vita vilipozuka wengi wao walipanda mashua wakaja Mombasa, wakakaa katika kambi zilizofunguliwa huko. Na kambi hizo zilipofungwa katika miaka ya 1990, wakimbizi wengi waliokuwamo walihamishiwa Dadaab na Kakuma. Basi mtu akikuambia kwamba chakula cha wakimbizi ni kigeni kwetu, mwonyeshe sahani hii, kisha umwombe aitaje kwa Kiswahili.

Lakini kuna kitu kimoja katika haluwa ambacho ni lazima tukitazame kwa makini zaidi, nacho ni sukari. Mgao wa chakula ambao mkimbizi wa Dadaab ameuzoea kwa miaka mingi ni wa nafaka, unga, kunde, mafuta na chumvi, na mgao huo umepunguzwa mara kadhaa fedha za wahisani zilipopungua. Sukari ya sikukuu hununuliwa. Hununuliwa kwa faida ya kibanda, kwa ujira wa kubeba maji, au kwa fedha zilizotumwa kwa njia ya hawala na ndugu aliye Nairobi au Marekani. Mama anayepika haluwa amekwisha kujinyima kitu kingine wiki kadhaa kabla. Nawe ukipewa kipande, ujue kwamba umepewa sehemu ya kujinyima huko.

Sukari ina historia chungu zaidi ya hiyo. Katika 1920 mkuu mmoja wa ukoo wa kifalme wa Italia, Duke wa Abruzzi, alianzisha kampuni ya kilimo huko Jowhar, kando ya Mto Shabelle, na miwa ikawa zao lake kubwa. Mashamba ya Waitaliano yalihitaji mikono mingi, na serikali ya kikoloni iliitafuta mikono hiyo kwa nguvu. Waliolazimishwa zaidi ni wakulima wa mabonde ya Shabelle na Juba, ambao leo huitwa Wasomali Wabantu. Wengi wao ni wajukuu wa watu waliochukuliwa utumwani katika karne ya 19 kutoka nchi ambazo sasa ni Tanzania, Msumbiji na Malawi. Miongoni mwao walikuwako Wazigua, waliotolewa katika nchi yao wakati wa njaa, wakauzwa ng'ambo ya kaskazini, wakatoroka na kujenga vijiji vyao wenyewe katika misitu ya Mto Juba. Humo waliishika lugha yao na ngoma zao, na Kizigua husemwa huko hata leo.

Vita vya 1991 viliwafukuza watu hao pia. Dadaab ikapata wazee waliozungumza lugha ya Handeni ingawa hawakuwahi kuiona Handeni. Baadhi ya wenzao walivuka hata Tanzania, wakakaribishwa katika makazi ya Chogo, wilaya hiyohiyo ya Handeni, na baadaye wengi wakapewa uraia. Wengine, zaidi ya 10,000, walihamishwa kutoka Dadaab kwenda Kakuma katika 2002, na kuanzia 2003 wakapelekwa Marekani. Sijui historia nyingine inayoonyesha vizuri zaidi nguvu ya ngoma: watu waliopoteza nchi mara mbili, mara ya kwanza kwa utumwa na mara ya pili kwa vita, hawakupoteza namna ya kusherehekea.

Tumeisikiliza sahani, sasa na tuusikilize wimbo. Muziki wa mjini wa Kisomali, huo unaotoka katika vipaza sauti vya soko la Ifo, haukuzaliwa katika jumba la mfalme. Katika miaka ya 1940 alikuwako dereva wa lori wa nchi ya Borama, kaskazini mwa Somalia, aitwaye Abdi Sinimo. Inasimuliwa kwamba lori lake liliharibika njiani, naye, katika kukata tamaa, akatoa maneno mafupi ya kujililia. Maneno hayo yakapendwa na kuigwa, na kwayo likaanza tungo fupi la mapenzi liitwalo belwo. Baadaye tungo hilo lilirefushwa na kutiwa ala, hasa udi, ambao Wasomali huuita kaban. Aliyesifiwa zaidi kwa kuuingiza udi katika nyimbo za Kisomali ni Abdullahi Qarshe. Je, unajua alizaliwa wapi? Alizaliwa Moshi, chini ya Mlima Kilimanjaro, katika 1924, kabla ya kupelekwa Aden na kisha Hargeisa. Hivyo mtu aitwaye baba wa muziki wa Kisomali alitoa kilio chake cha kwanza katika nchi ya Tanganyika.

Nyimbo hizo zilipata kimbilio katika redio, kwanza Hargeisa, baadaye Mogadishu, ambako kundi la Waaberi liliimba na kuigiza katika ukumbi wa taifa. Kisha taabu ikaja. Katika 1988 majeshi ya Siad Barre yaliushambulia mji wa Hargeisa kwa ndege na mizinga. Waliokuwa wakizitunza kanda za redio walizitawanya, na nyingine walizifukia ardhini ili mabomu yasizifikie. Fikiri juu ya jambo hilo, msomaji. Mji unapigwa, watu wanatafuta njia ya kutoka, na mtu anachimba shimo ili auzike wimbo. Baada ya vita kanda zilifukuliwa na kukusanywa, na katika 2017 baadhi ya nyimbo hizo zilitolewa tena na kusikilizwa duniani.

Waimbaji nao walikimbia. Maryam Mursal, mwimbaji mashuhuri wa Waaberi, aliondoka Mogadishu pamoja na watoto wake watano, akatembea miezi mingi katika nchi za Pembe ya Afrika hata akafika Denmark. Hakubeba udi wala jukwaa. Wimbo hauna uzito, wala askari wa kizuizini hawezi kuupekua. Ndiyo sababu mkimbizi aliyenyang'anywa kila kitu njiani huweza kufika Liboi akiwa bado anao.

Hata hivyo wimbo waweza kunyamazishwa. Mwezi wa Aprili 2010 kundi la Hizbul Islam liliviamuru vituo vya redio vya Mogadishu viache kupiga muziki wa aina yoyote, likavipa siku kumi. Watangazaji, kwa kuhofia maisha yao, walitii. Baadhi yao walijaza nafasi za muziki kwa sauti za risasi, za magari na za wanyama. Hapa na turudie ule ubishi wa wazee na vijana niliokuomba uukumbuke. Mzee wa Ifo asiyependa vipaza sauti humkemea kijana, na kijana humjibu, kisha wote wawili hula haluwa katika sahani moja. Mwenye bunduki habishani. Kati ya hayo mawili pana tofauti kubwa kama ile ya mzazi na mnyang'anyi, na ni vema kijana aijue mapema.

Sasa nakuja katika jambo ambalo kwa ajili yake nimekuleta hapa jioni wala si asubuhi. Sikukuu ya barabarani yahitaji vitu vitatu: kitamu, wimbo, na ruhusa ya kutoka nje usiku. Viwili vya kwanza watu wa nchi hii wamekuwa navyo daima. Cha tatu kimewaponyoka mara kwa mara.

Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963. Kabla mwezi huo haujaisha, hali ya hatari ilitangazwa katika mkoa huu, kwa sababu Wasomali wengi wa huku walitaka kuungana na Somalia, na wapiganaji walioitwa shifta wakaanza mashambulizi. Vita hivyo vilikoma 1967. Katika miaka hiyo wafugaji walikusanywa kwa amri katika vijiji vyenye ulinzi, na kutembea usiku likawa kosa. Vita vikaisha, lakini sheria za hali ya hatari hazikuisha. Katika Novemba 1980, baada ya maofisa wa serikali kuuawa mjini Garissa, askari waliuchoma moto mtaa wa Bulla Karatasi na kuwakusanya watu katika uwanja wa shule ya msingi, wengi waliuawa. Tume ya ukweli iliyotoa taarifa yake katika 2013 iliyaandika hayo. Sheria zile ziliondolewa mwishoni mwa 1991. Angalia mwaka huo. Ndio mwaka uleule Ifo ilipofunguliwa. Wenyeji wa Garissa walipoanza kurudishiwa usiku wao, wageni waliokimbia giza la Somalia walikuwa wakiwasili mlangoni pao.

Usiku uliondolewa tena mara nyingine. Tarehe 2 Aprili 2015 magaidi wa Al-Shabaab waliwaua watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi walioupita umri wako kwa miaka michache tu. Baada ya msiba huo watu wa Garissa, Wajir, Mandera na Tana River walikatazwa kutoka nje tangu saa kumi na mbili na nusu jioni mpaka saa kama hiyo asubuhi. Tena katika 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia, nchi nzima ilifungiwa usiku, na mwishoni mwa Aprili serikali ilikataza watu kuingia na kutoka katika kambi za Dadaab na Kakuma. Idi ya Mei mwaka huo ililiwa ndani ya nyua.

Sisemi kwamba amri hizo zote zilikuwa sawa. Ile ya 2020 ilikuwa kinga ya afya, na ile ya 2015 ilifuata msiba ambao mtu mwenye moyo hawezi kuusahau. Nasema tu kwamba mtoto wa Nyeri au wa Kisumu aweza kukua akidhani usiku ni mali yake kama hewa, ilhali mtoto wa Garissa amejifunza kwamba usiku hutolewa na huchukuliwa. Ukitaka kujua kiasi cha amani ya nchi, usiitazame mchana peke yake, wakati hata nchi zilizo vitani hufungua masoko. Itazame saa mbili usiku, uone kama msichana mdogo aweza kuvuka barabara na sahani ya haluwa, na mama yake asiwe na hofu.

Tena iko Idi ambayo haifai kupitwa. Tarehe 20 Julai 2011 Umoja wa Mataifa ulitangaza njaa kuu katika sehemu za kusini mwa Somalia. Siku zile watu zaidi ya elfu moja walifika Dadaab kila siku, wengi wakiwa wamewazika watoto wao njiani. Ramadhani ilianza mapema Agosti. Mfungo uliwakuta wamekwisha kufunga. Idi ilipofika mwishoni mwa mwezi, haikuwa na haluwa kwa wengi; lakini wenyeji wa kambi, ambao nao ni maskini, walikuwa wamekwisha kugawana na wageni chakula na nguo. Mtu aliyepata kuwa mgeni humtambua mgeni.

Yabaki swali moja, nalo ni gumu. Mwezi wa Mei 2016 serikali ya Kenya ilitangaza kwamba Dadaab itafungwa. Mwezi wa Februari 2017 Mahakama Kuu iliamua kwamba hatua hiyo inapingana na Katiba. Katika 2021 tangazo la kufunga lilirudiwa, na Juni 2022, mwezi uliowekwa kuwa mwisho, ukapita kambi zikiwa bado zipo. Mwezi wa Machi 2025 serikali ilizindua Mpango wa Shirika, wenye nia ya kuzigeuza kambi polepole ziwe makazi ya wakimbizi na wenyeji pamoja. Wanaotaka kambi zifungwe wana hoja: ulinzi, kuni zilizokatwa, na mzigo wa miaka mingi juu ya nchi isiyo tajiri. Wanaopinga nao wana hoja: haki, sheria, na hatari inayowangoja wanaorudishwa. Sikutaki ukubali upande wowote kwa kuwa mimi ni mwalimu. Nataka upime ukiwa na habari zote mbele yako, na moja ya habari hizo ni hii. Hata 1925 nchi ya Jubaland, pamoja na mji wa Kismayu, ilikuwa sehemu ya koloni la Kenya. Mwaka huo Uingereza iliikabidhi kwa Italia. Mtu aliyekula Idi Kismayu katika 1924 aliila chini ya serikali ya Nairobi. Kitukuu chake, aliyezaliwa Ifo na kula Idi zote za maisha yake katika ardhi ya Kenya, huitwa mgeni. Mpaka ulisogezwa na watu waliokuwa mbali, na mtoto akajikuta upande usio wake.

Sasa usiku umeendelea. Makofi ya kina mama yanapungua, mitambo ya sokoni inazimwa mmoja mmoja, na watoto wamelala na nguo zao mpya. Kabla hatujaachana nakupa kazi, kwani mwalimu hawezi kuaga bila kutoa kazi. Sikukuu itakapofika kwenu, iwe Idi, Krismasi, Diwali au Mwaka Mpya, mwendee mtu mzima kuliko wote nyumbani. Muulize chakula hiki alifundishwa na nani, na huyo alitoka wapi. Muulize wimbo upi uliimbwa alipokuwa na umri wako. Mwisho muulize kama usiku wa sikukuu, katika mwaka ule, walikuwa na ruhusa ya kutoka nje. Andika majibu yake katika daftari, uweke na mwaka. Kisha mpelekee jirani sahani, na ikirudi imejaa, muulize naye.